Shani si Adimu, wala si Nadra

Katika maandishi mengi ya siku hizi juu ya Morogoro na milima ya Uluguru, maneno matatu yamefanywa kuwa neno moja. Ndege akiwa mgeni machoni pa mwandishi huitwa adimu; ua likiwa na umbo lisilozoeleka huitwa nadra; na siku ya pili majina hayo hubadilishana mahali pasipo mtu kuuliza. Neno shani, ambalo ndilo lililokuwa na haki ya kusimama hapo, huachwa ndani ya kamusi, au huitwa mara chache kuipamba hotuba ya arusi na tangazo la hoteli. Wako wasemao kuwa hasara ya jambo hili ni ndogo, kwa kuwa msomaji huelewa tu. Kauli hiyo haina nguvu. Msomaji huelewa kitu, lakini hakielewi kilichokusudiwa. Na mahali kama Uluguru tofauti ya vitu hivyo viwili ina gharama.

Yafaa kwanza kila neno lirudishiwe mali yake. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, lakini hayakutoka mlango mmoja. Adimu ni neno la kukosekana. Nadra ni neno la uchache wa kutokea. Shani katika asili yake ni jambo au hali, na pia ni cheo na uzito wa jambo. Kiswahili kikalipokea, kikaliongezea macho, likawa jambo geni la kutazamisha. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ililiweka katika maana hiyo ya kitu kisichozoeleka chenye kustaajabisha, na kamusi zilizofuata hazikulitoa humo. Kwa hiyo kila neno hujibu swali lake. Adimu hujibu: kitu hiki kinapatikana kiasi gani kwa wanaokihitaji? Nadra hujibu: hutokea mara ngapi? Shani hujibu: kina nini ndani yake kinachokitenga na vingine? Swali la kwanza ni la ghala, la pili ni la kalenda, la tatu ni la kitu chenyewe.

Hata sarufi inashuhudia. Adimu imezaa kitenzi, kuadimika, kwa kuwa kitu kilichokuwapo chaweza kupungua hata kikatafutwa. Nadra hupenda kutangulia tendo: ni nadra kumwona, ni nadra kunyesha. Shani imebaki jina: watu huona shani, huonyeshwa shani, husimulia jambo la shani. Lugha haikuyagawa maneno haya kazi mbalimbali kwa bahati, na anayeyachanganya hana budi aeleze sababu.

Watanzania walioishi miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 hawahitaji kamusi ili waijue adimu. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia viliitwa bidhaa adimu, na jina hilo lilikuwa kweli tupu. Hapana aliyeiona sabuni kuwa kitu kigeni. Kila mtu aliijua, kila mtu aliitaka, nayo haikuwapo. Watu walipanga foleni, wengine walificha, na mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Neno hilo limebeba kumbukumbu hiyo mpaka leo. Panapotajwa adimu, husikika nyuma yake haja, bei na maficho.

Nadra haina mzigo huo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na watu wengi wakakusanyika Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, kulitazama. Tukio hilo lilikuwa nadra, kwa kuwa mahali pamoja huweza kukaa miaka mingi lisionekane. Lilikuwa shani pia, kwa sura yake. Lakini halikuwa adimu, kwa maana hapakuwa na mtu aliyepungukiwa na kupatwa kwa jua. Maneno mawili yaweza kukutana juu ya kitu kimoja bila ya kuwa neno moja, kama vile mtu aweza kuwa mrefu na tena mkarimu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Morogoro kwenyewe. Panya buku ni mnyama ambaye wakulima wengi wanamjua, na aghalabu hawamjui kwa heri, maana hula mazao. Huyu si adimu wala si nadra. Walakini tangu mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya hawa kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini, na kunusa kifua kikuu ndani ya makohozi. Uzito wao mdogo huwawezesha kupita juu ya bomu bila ya kulilipua. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akafichua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na silaha nyingine ambazo hazijalipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu, naye akawa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Mwandishi asiye na neno shani atamwitaje panya huyu? Akimwita adimu, anadanganya, kwa kuwa jamaa zake wamejaa mashambani. Akimwita nadra, anataja hesabu pasipo kutaja sababu ya kumtaja. Ushani wake hauko katika idadi. Uko katika kazi yake.

Kinyume chake ni ndege mmoja wa msitu wa Uluguru, mwenye utosi mweusi na tumbo la manjano, ambaye wanazuoni humwita Malaconotus alius. Huyu hukaa juu kwenye vilele vya miti, husikika zaidi kuliko anavyoonekana, na makao yake ni milima hiyo tu. Kumwona ni nadra. Hilo ni kweli. Msitu wake ukizidi kukatwa naye atazidi kupungua. Hilo nalo ni kweli. Lakini jina alilopewa kwa Kilatini mwaka 1927 halikutaja uchache. Alius maana yake ni mwingine. Katika neno moja fupi kimetajwa kile ambacho waandishi wa Kiswahili wanakikosa wakiwa na neno lake mkononi: kwamba ndege huyu, kabla hajawa mchache, ni wa namna yake. Angekuwa elfu kumi bado angekuwa wa shani.

Hapa ndipo uzembe wa maneno unapoacha kuwa kosa la sarufi tu. Kumwita kiumbe adimu, na kukomea hapo, ni kumtia katika foleni ya sabuni na sukari: kimepungua, kwa hiyo kina bei. Uluguru ina aina za vinyonga zisizopatikana penginepo duniani, na vinyonga wa Tanzania kwa miaka mingi waliuzwa ng'ambo wakiwa hai, mpaka Serikali ilipoisimamisha biashara ya wanyamapori hai mwaka 2016. Mfanyabiashara hupenda sana neno adimu, kwa kuwa linamfanyia kazi ya kupandisha bei. Neno shani halimsaidii hivyo. Shani humwita mtu asimame atazame, haimwiti anunue. Mwalimu anayetaka kuitetea milima na huku akitumia lugha ya mchuuzi amempa mshitakiwa wakili wa upande wa pili.

Wako wengine, nao ni wasomi zaidi, ambao hukwepa maneno yote matatu na kuandika: isiyo ya kawaida. Maneno hayo yana mahali pake. Daktari akiandika kuwa mapigo ya moyo si ya kawaida amesema sawa, kwa sababu moyo una kawaida ijulikanayo, na kuiacha ni dalili ya ugonjwa. Lakini kusema hivyo hivyo juu ya ua, desturi au kipaji ni kukihukumu kitu kwa kile ambacho sicho. Kawaida huwekwa kwanza kuwa hakimu, kisha kitu huletwa mbele yake kama mkosaji. Shani haimweki hakimu. Inakiri tofauti na kuiachia heshima yake, na hiyo ndiyo sehemu ya cheo iliyosalia kutoka katika asili ya neno.

Uluguru inajua kwa uchungu madhara ya kupima kitu kwa kipimo cha kingine. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kilimo cha Waluguru kilitazamwa kwa upungufu wake tu, na ujuzi wao wa milima ile haukuulizwa vya kutosha. Katika sehemu nyingi matuta yaliutoa juu udongo wa chini usio na rutuba, na kazi yenyewe ilikuwa nzito mno. Mwaka 1955 upinzani ukafikia kuwa ghasia, na mpango ukaachwa. Hapana adaiye kuwa neno la Kiswahili ndilo lililoleta balaa hiyo. Walioamua waliandika kwa Kiingereza. Linalodaiwa ni dogo zaidi, na ni gumu kulikana: anayezoea kukitaja kila kigeni kwa kinachokosa huzoea pia kukiona hivyo, na baadaye hukitendea hivyo.

Imetolewa hoja moja nzito dhidi ya shani, nayo haifai kupitwa kimya. Husemwa kwamba neno hili hutegemea macho ya atazamaye: lililo shani kwa mgeni ni mazoea kwa mwenyeji. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Mtu atokaye katika kabila la ukoo wa baba akifika Kinole au Matombo ataona shani. Mwenyeji hataona kitu, wala jirani yake Mkaguru au Mzaramo, kwa kuwa nao huhesabu hivyo hivyo. Hoja hii ni sahihi, lakini inalijenga neno badala ya kulibomoa. Inamlazimu mwandishi aseme ni shani kwa nani. Adimu na nadra humwezesha ajifiche nyuma ya hesabu, kana kwamba mlima umejihesabu wenyewe. Shani humtoa nje na kumtaka ataje mahali aliposimama. Katika insha hilo ni jambo jema. Pia humwonya asiyachukue mapya yote kuwa shani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Upya huisha kwa mazoea, na kitu cha shani hubaki na kilichokitenga hata macho yakikizoea.

Hoja ya mwisho ni ya wavivu: kwamba neno ni la zamani, na wanafunzi hawalijui. Wanafunzi hawakuzaliwa wakiijua mofolojia, nao hufundishwa. Neno lenye herufi tano, lisilo na ugumu wa kutamka, tena ambalo wazazi wengi huwapa binti zao kuwa jina, haliwezi kusingiziwa kuwa zito. Lililo zito ni kufikiri kabla ya kuchagua.

Na sababu ya kufikiri haiko mbali. Mto Ruvu huanza katika milima ya Uluguru, na jiji la Dar es Salaam huyategemea sana maji yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, mto ukapungua, na jiji likaingia katika mgawo wa maji. Maji hayana shani. Hapana kitu kinachojulikana kuliko maji. Wala haifai kuyaita nadra, kwa kuwa kiu haingoji kalenda. Siku hiyo maji yalikuwa adimu, kwa maana kamili ya neno: yanatakiwa na wote, nayo hayapo. Lakini msomaji aliyekwisha kuambiwa kwa miaka mingi kuwa ndege ni adimu, ua ni adimu, ngoma ni adimu na mandhari ni adimu, atalisikia neno hilo kama sifa ya utalii siku ambayo linatamkwa kuwa onyo. Waandishi na wahariri wa Kiswahili wanadaiwa, basi, wairejeshe shani mahali pake, ili adimu ibaki na nguvu ya kutisha pale inapostahili kutisha.