Figo ni Zangu au Zake?

Na Rehema Mbaruku

Namba ya kwanza ilikuwa 98. Ya pili, miezi tisa baadaye, 131. Ya tatu, 187. Ni namba za kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja kutoka kwenye damu, na zote tatu ni za mama yangu. Zilipimwa katika hospitali tatu: moja ya Tanga anakoishi, mbili za hapa Dar es Salaam alipokuja kukaa kwangu. Kila hospitali iliona namba yake moja. Hakuna aliyeziona zikipanda.

Mama anaishi na kisukari na presha mwaka wa kumi na nne huu. Wanaougua maradhi hayo wanajua kwamba figo huumia kimyakimya. Mpaka kreatinini ivuke kiwango cha kawaida, figo huenda zimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, na mgonjwa bado anapika, anafua, anakwenda arusini. Ndiyo maana mwenye sukari hupimwa figo mara kwa mara hata akijisikia mzima. Daktari anatafuta mwendo: leo imefika ngapi, mwaka jana ilikuwa ngapi.

Siku ya kipimo cha pili nilikuwa naye dirishani pa maabara. Kijana wa koti jeupe alishika karatasi, mama akanyoosha mkono. "Mama, majibu utayakuta kwa daktari," akasema kwa adabu kabisa, na karatasi ikapita juu ya mkono ule ikaingia kwenye faili. Kwa daktari hatukumaliza dakika tano. Akasoma, akasema figo haziko vibaya sana, tutaendelea kuziangalia, akaandika dawa. Tulipoomba kopi, mapokezi wakatuambia faili ni mali ya hospitali. Nilichotoka nacho ni risiti ya malipo, imechapwa vizuri, ina jina la mama kwa ukamilifu na kiasi cha fedha. Majibu niliyoyalipia yakabaki kabatini.

Simlaumu kijana yule. Alifanya alivyokuta wenzake wakifanya.

Hospitali ya tatu, daktari aliuliza vipimo vya nyuma viko wapi. Hatukuwa na kitu. Akageuza kiti akaanza kuzungumza na mimi: dada, figo za mama zimechoka, tutambadilishia dawa, umwangalie na chumvi. Mama alikuwa ameketi katikati yetu, mikono imelala juu ya kanga. Alisikiliza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hizo figo ni zangu au zake?" Daktari, binti mdogo tu, akaona haya. "Nisamehe, mama," akasema, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akaanza upya, na mama naye akauliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Ilituchukua karibu wiki mbili za simu na nauli kupata namba zile mbili za nyuma. Zilipowekwa pamoja na ya tatu, daktari alinyamaza kidogo, kisha akatuandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa wa figo.

Ninachokidai ni hiki: mtu akipimwa, nakala ya majibu iwe yake, mkononi mwake, siku ileile yanapotoka, bila kuomba wala kubembeleza. Asipewe kama hisani, wala asiitiwe mtoto wake wa kiume pembeni kuambiwa kwanza. Ni wangapi tumewazika bila wao wenyewe kujua walichokuwa wakiugua, wakati ukoo mzima unajua?

Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mama mjamzito wa nchi hii hubeba kadi yake ya kliniki kwenye mkoba. Humo mna wingi wa damu, presha, majibu ya mkojo, majibu ya kaswende. Uchungu ukimshikia Korogwe badala ya Tanga, mkunga asiyemjua anaifungua kadi ile na kuanzia pale wenzake walipoishia. Mtoto naye ana kadi yake yenye mchoro wa uzito, na nimewaona wanawake wasiomaliza darasa la nne wakiutazama mstari ule na kusema, "Mwezi huu amelala, hajapanda." Wanausoma vizuri. Kadi hizo huwekwa ndani ya nailoni, chini ya godoro, pamoja na hati ya kiwanja. Sasa kwa nini mwanamke huyohuyo, akifika umri wa sukari na presha, aambiwe karatasi yake ni mali ya hospitali?

Wanaosema mgonjwa hawezi kubeba majibu mazito, nawakumbusha VVU. Mwaka 2019 sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilirekebishwa ili mtu aweze kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Kenya walikuwa wameshaanzisha vipimo vya kujipima tangu 2017. Yaani jibu lililotisha kizazi chetu kuliko jingine lolote, serikali imekubali mtu alisome akiwa peke yake chumbani, mradi aelezwe kwamba mistari miwili inamtaka aende kituoni kuthibitisha. Kama kijana wa miaka 15 anaaminiwa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, bibi wa miaka 68 aaminiwe na kreatinini yake.

Kuna daktari ninayemheshimu sana ambaye hakubaliani nami. Anasema: hebu fikiria mtu amekatwa kinyama cha titi kwenda kupimwa, saa nne usiku simu inaingia ujumbe, anafungua, anakutana na neno karsinoma. Nani atakuwa naye? Hofu hiyo ni ya kweli, na Marekani wameipitia. Tangu Aprili 2021 kanuni zao zinataka majibu yamfikie mgonjwa bila kucheleweshwa, mara nyingine hata kabla daktari hajayaona. Katika uchunguzi wa vituo vinne vikubwa vya tiba uliochapishwa 2023, walijibu watu 8,139 waliosoma majibu yao kwa njia hiyo, na 96 kati ya kila 100 walitaka iendelee hivyo. Waliokuta majibu mabaya waliongezewa wasiwasi kuliko wengine, hilo halifichwi, lakini hata wao wengi hawakutaka kurudi nyuma. Dawa ya hofu ya daktari wangu ipo, tena haina gharama: siku ya kuchukua kipimo, mgonjwa aulizwe anataka jibu lake alipate vipi. Peke yake kwenye simu, mbele ya daktari, au akiwa na dada yake. Achague mwenyewe, na chaguo lake la siku ile liandikwe kwenye faili.

Hoja nyingine ni ya duka la dawa: mtu akipewa karatasi iliyoandikwa taifodi, atapitiliza kununua sipro. Ni kweli wapo. Lakini hao hununua hata bila karatasi, kwa kuambiwa tu na jirani. Tena kipimo cha Widali kikifanywa mara moja peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi, na kwa karatasi mkononi, daktari wa pili anaweza kusema hapana, hebu tuoteshe damu kwanza. Bila karatasi, atapinga nini?

Sheria haituzuii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake. Kilichobaki ni waraka mmoja wa Wizara ya Afya kwenda kwa waganga wafawidhi wote: kila jibu la maabara na la picha litolewe nakala, lenye kiwango cha kawaida pembeni na mstari mmoja wa Kiswahili unaoeleza maana yake. Mifumo ya hospitali zetu nyingi haisomani bado. Itakaposomana tutashukuru, ila mashine ya kuchapa ipo leo. Ndiyo iliyonichapia risiti.

Mama sasa ana daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu. Tarehe upande wa kushoto, namba upande wa kulia, kwa mwandiko wake wa kulalia. Mwezi uliopita aliandika 164. Chini yake akaongeza swali la kwenda nalo kliniki: ni dawa mpya au ni chumvi niliyoacha?