UCHAMBUZI: Fundi wa mtaani asisahaulike katika safari ya baiskeli za umeme

KWA miaka kadhaa sasa, serikali imekuwa ikiwashawishi Wakenya waachane na vyombo vya petroli na kukumbatia vya umeme. Kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, baiskeli za umeme, pikipiki za umeme na betri za lithiamu ziliwekwa katika orodha ya bidhaa zinazotozwa ushuru wa VAT wa asilimia sufuri. Septemba mwaka huohuo, Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa. Machi 2024, Wizara ya Barabara na Uchukuzi ikatoa rasimu ya sera ya taifa kuhusu uchukuzi wa umeme.

Mjadala uliofuata umetawaliwa na bei, kodi na vituo vya kuchajia. Wanaotajwa ni mwagizaji, mwuzaji na mnunuzi. Asiyetajwa sana ni yule ambaye ataitwa siku chombo kitakapokataa kusonga, naye ni fundi wa mtaani.

Kusahauliwa kwake si jambo dogo. Baiskeli ya kawaida ikiharibika, athari zake ni kuchelewa kazini. Baiskeli ya umeme ikitengenezwa vibaya, hasa betri yake, inaweza kuteketeza nyumba na waliomo. Kwa hivyo suala la nani anaruhusiwa kuifungua, na amefunzwa na nani, ni suala la usalama wa umma.

Mvuto wa chombo hiki unaeleweka. Betri ya kawaida ya baiskeli ya umeme ni ya volti 36 na ampia 10 kwa saa, yaani wati 360 kwa saa. Hata mwenyewe akilipa Sh30 kwa kila uniti ya stima, kuijaza betri hiyo hakutamgharimu zaidi ya Sh15. Kwa kijana anayesambaza mizigo jijini, au mwalimu anayesafiri kilomita kumi kila asubuhi, hesabu hiyo haihitaji wakili.

Tatizo huja baada ya miaka michache, betri inapoanza kuchoka. Betri ndiyo aghalabu sehemu ghali zaidi ya chombo chenyewe. Mwenye baiskeli anapoambiwa anunue nyingine, yamkini ataangalia mfuko wake, kisha ataelekea kwa fundi aliye chini ya mti au kwenye kibanda kando ya barabara. Hakuna sheria itakayomzuia kufanya hivyo, kwa sababu hana njia nyingine.

Ni muhimu basi kutenganisha kazi ambazo mtu yeyote makini anaweza kuzifanya nyumbani, kazi zinazohitaji fundi aliyefuzu, na mambo yasiyopaswa kufanywa na yeyote.

Sehemu kubwa ya baiskeli ya umeme bado ni baiskeli. Cheni huhitaji kusafishwa na kutiwa mafuta, magurudumu kujazwa pumzi ipasavyo, na spoki kukazwa. Kazi hizi zina uzito zaidi hapa, maana mota na betri huongeza kilo kadhaa na kuzichosha breki na spoki mapema. Vipande vya breki vinavyodumu mwaka mzima kwenye baiskeli ya kawaida huenda visimalize nusu yake kwenye ile ya umeme.

Hitilafu nyingi za umeme nazo si za kutisha. Baiskeli inapokatika moto ghafla, mara nyingi kosa huwa kwenye kiungio cha waya kilicholegea au kilichoingiwa na maji, kwenye swichi ya breki iliyokwama na kuizima mota, au kwenye waya uliochunika unapoingia kwenye gurudumu. Mtu mwenye mita ya kupimia volti na subira anaweza kugundua mengi bila kuigusa betri kwa ndani. Betri ya volti 36 iliyojaa husoma karibu volti 42. Ikisoma pungufu ya hapo baada ya kuchajiwa usiku kucha, ni sharti chaja yenyewe ichunguzwe kabla ya betri kulaumiwa.

Kuigeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme pia kumo katika uwezo wa mafundi wengi wa humu nchini. Gurudumu lenye mota hufungwa mahali pa lile la zamani, betri hupachikwa kwenye fremu au kwenye karia, na kisanduku cha kudhibiti mota huunganishwa na mkono wa kuongezea kasi. Fremu ya chuma ya baiskeli ya black mamba, ambayo imebeba magunia ya mahindi na abiria tangu enzi za bodaboda za kwanza za mpakani Busia, ni imara kuliko nyingi za kisasa.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo fundi asiyefunzwa huyasahau. La kwanza ni ekseli. Mota hulisukuma gurudumu upande mmoja, na ekseli nayo husukumwa upande wa pili. Isipofungwa kwa kipande cha chuma cha kuizuia isizunguke, inaweza kuchomoka kwenye uma, ikakata nyaya na kumwangusha mwendeshaji.

La pili ni breki. Black mamba nyingi zina breki za fito za chuma zinazobana rimu, zilizobuniwa kwa mwendo wa miguu ya binadamu. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Anayefunga mota bila kubadilisha breki, hasa kabla ya msimu wa mvua, amefanya nusu ya kazi, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayoua.

Hatari kubwa kuliko zote imo ndani ya betri. Betri ya volti 36 ni mkusanyiko wa seli ndogo zilizopangwa katika makundi 10, kila kundi likiwa na takriban volti 3.6. Kati yake kuna kibao kidogo cha kielektroniki ambacho hulichunguza kila kundi na kukata umeme mmoja wao anaposhuka au kupanda kupita kiasi. Kundi moja likidhoofika, kibao hicho huizima betri yote. Mwenyewe hudhani betri imekufa, ilhali makundi tisa bado ni mazima.

Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Fundi stadi anaweza kuliondoa kundi bovu, akaweka seli mpya zenye uwezo ulio sawa, akaziunganisha kwa mashine maalumu isiyozichoma, na kumwokolea mteja maelfu ya pesa. Asiye stadi ataona kibao kile kinamsumbua, atakiruka kwa kipande cha waya, na baiskeli itaondoka kibandani ikiwa nzima machoni pa mteja. Kuanzia saa hiyo hakuna kinachozuia seli kujazwa kupita kiasi.

Njia nyingine ya mkato ni kuokota seli kutoka kwa betri za vipakatalishi vilivyotupwa na kuzichanganya na zilizopo. Seli zenye umri na uwezo tofauti hazijai wala kuisha kwa pamoja, hivyo dhaifu huteswa na zenye nguvu kila zinapotumika. Kosa la tatu ni chaja. Chaja ya betri ya volti 48 hutoa volti 54.6, na plagi yake inaweza kufanana kabisa na ya betri ya volti 36. Kuiazima kwa jirani ni kucheza na moto.

Seli ya lithiamu ikipata joto la kupindukia hujizalishia joto zaidi, hutoa gesi inayowaka, na kuiambukiza seli ya jirani. Unga wa mtungi wa kuzimia moto unaweza kuufifisha mwali, lakini hausimamishi kinachoendelea ndani ya seli, na moto uliodhaniwa umezimwa unaweza kuwaka tena baadaye.

Jiji la New York nchini Marekani limelijua hilo kwa njia chungu. Huko, maelfu ya wasambazaji wa vyakula, wengi wao wahamiaji wa kipato kidogo, hutegemea baiskeli za umeme na huzichaji katika vyumba wanamoishi. Idara ya zimamoto ya jiji hilo ilirekodi mioto 104 iliyotokana na betri za lithiamu mwaka wa 2021, na vifo vinne. Mwaka wa 2023 mioto ilifika 268 na vifo 18. Juni mwaka huo, moto ulizuka usiku katika karakana ya baiskeli za umeme mtaani Chinatown na kuua watu wasiopungua wanne waliokuwa wamelala kwenye makao ya juu yake.

Baraza la jiji lilichukua hatua. Sheria zilizopitishwa 2023 zilipiga marufuku uuzaji wa baiskeli na betri zisizotimiza viwango vya usalama, na pia uundaji wa betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Mapema 2024 jiji likaanza kujaribu vituo vya umma vya kuchajia, ili wasambazaji wasilazimike kulala na betri zao. Mwaka huo mioto haikupungua, lakini vifo vilishuka hadi sita.

Funzo kwa Kenya liko wazi. Katika chumba kimoja cha kupanga jijini Nairobi, chenye mlango mmoja na dirisha lenye vyuma, mahali panapobaki kwa baiskeli ni karibu na mlango. Betri ikilipuka usiku ikiwa inachajiwa hapo, njia ya kutokea imezibwa kabla ya mtu kuamka. Familia zilizo katika vyumba vya pembeni, ambazo hazina baiskeli wala betri, zimo katika hatari iyo hiyo.

Kuna watakaosema kwamba suluhu ni kupiga marufuku ukarabati wowote wa betri nje ya karakana za kampuni zilizoziuza. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haitafaulu. Karakana hizo ni chache na nyingi ziko mijini. Anayeishi Bumula au Kwale hatasafiri hadi Nairobi kwa ajili ya waya. Isitoshe, marufuku humwondoa mezani fundi mwangalifu anayeogopa sheria, na kumwachia uwanja yule asiyeogopa.

Kadhalika, marufuku ya aina hiyo humpa mwuzaji mamlaka ya kupanga bei atakavyo, kwa kuwa mteja hana mwingine wa kumkimbilia. Ushuru uliopunguzwa kwa jina la mwananchi utamrudia kama gharama ya vipuri.

Bara la Ulaya limechagua njia tofauti, ya kumwajibisha mtengenezaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri, iliyopitishwa 2023, inaelekeza kwamba kuanzia Februari 18, 2027, betri za baiskeli za umeme na vyombo vingine vyepesi, pamoja na seli zilizo ndani yake, ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na fundi huru mwenye utaalamu. Kanuni hiyo haimkabidhi betri kila mwenye bisibisi, wala haimfungii nje kila asiyevaa sare ya kampuni.

Kenya inahitaji mafunzo yote mawili, la New York la kukataa njia za mkato zinazoua, na la Ulaya la kumfungulia mlango fundi anayestahili.

Vyombo vya kufanyia hivyo tayari vipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) kwa miaka mingi imekuwa ikiwatahini mafundi na kuwapa vyeti vya viwango, wakiwemo wengi waliojifunzia kazini. Mtihani wa ufundi wa betri za lithiamu, wenye kozi ya majuma machache katika vyuo vya kiufundi vya mashinani, ungewatoa mafundi hawa gizani. Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo halina budi kuzimulika chaja na betri zinazouzwa rejareja, si baiskeli nzima pekee, kwani hatari kubwa huingia kupitia kipuri cha bei rahisi.

Waagizaji wanaonufaika na nafuu ya ushuru wanapaswa kulazimishwa kutoa michoro ya nyaya, vipuri na chaja halisi kwa fundi yeyote aliye na cheti. Vilevile, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji jukumu la kushughulikia bidhaa zao zinapogeuka taka. Ikitekelezwa kikamilifu kwa betri, seli zilizokufa zitarudi kwa waliozileta badala ya kurundikana vibandani zikisubiri kuchanganywa na nyingine.

Mafundi wa simu wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi walijifundisha kazi yao bila kusubiri mtu, na taifa likafaidika. Lakini betri ya baiskeli hubeba nishati ya betri za simu takriban 20. Makosa ambayo fundi wa simu aliyalipa kwa kidole kilichoungua, fundi wa baiskeli atayalipa kwa nyumba ya watu.

Waswahili husema ajali haina kinga. Moto wa betri iliyofunguliwa na mtu asiyefunzwa hauingii katika methali hiyo. Kinga yake inajulikana, gharama yake ni ndogo kuliko ya mazishi, na wanaopaswa kuitoa wanajijua.