Mto Ukifungwa, Gharama Ibebwe na Wote

Tarehe 23 Juni 2024, msimu wa uvuvi ukiwa ndio kwanza umeshika kasi, Serikali ya Norway ilipiga marufuku uvuvi wa samaki aina ya samoni katika mito 33. Wavuvi wa burudani, ambao hulipa fedha nyingi kupata vibali, waliamriwa kukunja mishipi yao. Sababu ilikuwa moja: samaki waliorejea mtoni kutoka baharini walikuwa wachache mno.

Amri hiyo ilikuwa ya haki. Samoni huzaliwa katika maji baridi ya mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule alikozaliwa. Kwa hiyo kila mto una ukoo wake wa samaki, na ukoo ukitoweka hauazimwi kutoka mto wa jirani. Wazazi wanapokuwa wachache, kila anayevuliwa kabla ya kutaga ni hasara kwa kizazi kizima kijacho. Starehe ya mtu mmoja haiwezi kuwekwa juu ya urithi wa taifa.

Lakini yafaa tujiulize: je, ni mshipi wa mvuvi wa burudani ulioyafikisha mambo hapo? Idadi ya samoni wanaorejea katika pwani ya Norway imepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980, na katika muda huo huo uvuvi wenyewe umekuwa ukibanwa mwaka hadi mwaka. Wataalamu wa nchi hiyo wanataja ongezeko la joto baharini, na zaidi ya hayo wanataja ufugaji. Norway huzalisha zaidi ya tani 1,000,000 za samoni wa kufugwa kwa mwaka, katika vizimba vya nyavu vilivyotandazwa baharini. Katika vizimba hivyo huzaana vimelea viitwavyo chawa wa baharini, ambao huwashambulia samaki wachanga wa mwituni wapitapo kuelekea bahari kuu. Aidha, samaki wa kufugwa wanaotoroka huingia mitoni, wakazaliana na wale wa asili na kuudhoofisha uzao wao.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Serikali ya Norway haikufumbia macho jambo hilo. Tangu mwaka 2017 pwani yake imegawanywa katika kanda 13 za ufugaji, nazo hupewa rangi kama taa za barabarani. Kanda ambayo chawa wamezidi hupewa rangi nyekundu, na wafugaji wake huweza kuamriwa kupunguza uzalishaji kwa asilimia 6. Hapo ndipo penye mizani. Mwenye mshipi hufungiwa mto wote kwa siku moja. Mwenye vizimba hupunguziwa sehemu 6 katika 100. Kumkataza mtu mmoja mmoja ni kazi nyepesi, lakini kuukabili mtaji mkubwa kwahitaji moyo mwingine.

Wanaoumia zaidi si watalii. Kaskazini kabisa, mpakani mwa Norway na Finland, upo mto uitwao Tana, ambao jina lake lafanana na la ule wa Kenya. Wasami, wenyeji wa nchi ile, wamevua humo tangu enzi za mababu. Mwaka 2021 uvuvi wa samoni ulipigwa marufuku katika mto huo, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia. Mgeni alipoteza likizo. Msami alipoteza kitoweo, na pamoja nacho ujuzi ambao mtoto huupata kwa kuvua pamoja na wazee wake.

Somo hilo latuhusu sisi Watanzania. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tulisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Lengo lilikuwa jema, na ziwa lile ni mali ya nchi nne. Hata hivyo, mvuvi wa dagaa wa Kigoma havui kwa burudani. Miezi mitatu kwake ni karo, unga na dawa. Wala si yeye aliyeleta joto linalozidi kuyapanda maji ya ziwa na kupunguza chakula cha samaki.

Kwa hiyo watumishi wa umma wanaopeleka amri kama hizo kwa wananchi, pamoja na walimu wanaowaeleza watoto maana yake, wana wajibu wa kuuliza maswali matatu. Je, wananchi wameonyeshwa hesabu ya samaki kabla ya kufungiwa maji? Je, kila anayeyadhuru maji hayo amepewa sehemu yake ya mzigo, kwa kadiri ya madhara yake? Je, anayekosa riziki kwa ajili ya wote ameandaliwa njia ya kuishi hadi maji yatakapofunguliwa?

Maswali hayo yakijibiwa, mvuvi mwenyewe atakuwa mlinzi wa kwanza wa samaki. Yasipojibiwa, hakuna doria itakayotosha kuzilinda fukwe usiku kucha.