Rangi kwenye kioo? Weka msasa chini!

UMEPATA chumba Sinza, umelipa kodi ya miezi 6 kwa mpigo, ukuta umepigwa rangi mpya unang'aa kama bwana harusi. Unafungua pazia, lahaula! Dirisha zima lina madoadoa kama kanga (yule ndege, si vazi la shangazi).

Hapo ndipo wengi wanapoingia kichwa kichwa. Huyu kachukua msasa, yule stilwaya ya kusugulia masufuria. Rangi inatoka kweli, lakini jua la asubuhi likipiga tu unaona mikwaruzo kioo kizima. Sasa sikia: rangi inatoka, mkwaruzo hautoki ng'o. Siku ya kuhama mwenye nyumba atakudai kioo, na hutakuwa na la kujitetea.

Anza kwa kuijua rangi yenyewe. Lowanisha doa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, subiri dakika 10. Likilainika, hiyo ni rangi ya maji, ile ya ukutani. Kitambaa na ukucha vinatosha. Likigoma, huenda ni rangi ya mafuta, ile ya milango na grili. Ikiwa bado mbichi, kitambaa chenye tapentaini au mafuta ya taa kinaimaliza, halafu unaosha kwa sabuni.

Ikishakauka kwenye kioo, dawa yake wembe. Ila wembe una masharti yake, dada. Osha kioo kwanza, maana vumbi letu la mjini lina mchanga, na punje moja ikiingia chini ya wembe imekuchorea mstari wa maisha. Kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni muda wote. Laza wembe karibu na kioo, sukuma kwenda mbele, inua, rudia. Usiuvute kurudi nyuma! Ukipata kutu au pengo, tupa, chukua mwingine. Wembe ni bei ya pipi. Dirisha lenye karatasi ya tinti usiliguse kwa wembe kabisa, utaichuna yote.

Fremu ni kesi nyingine. Zile za aluminiamu za kahawia au nyeupe zimepakwa rangi kiwandani, na tina kali inaila rangi hiyo pamoja na doa lako. Tumia maji ya sabuni na kipande cha plastiki, kama kadi ya simu iliyoisha kazi. Ukilazimika kutumia tapentaini, jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, na usiilowanishe mipira inayoshika kioo, inavimba. Fremu ya mbao yenye vanishi nayo haitaki tina.

Doa la chokaa kwenye kioo ni rahisi: limau au siki, suuza, kwisha. Saruji usiiache ikauke hata kidogo, inakula kioo na aluminiamu pia.

Na wale wa nyumba za zamani, punguzeni papara. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, ile madini. Ukiikwangua kavu kavu vumbi lake linaruka, watoto wanalivuta na kulilamba, na linaharibu ubongo wao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo lowanisha kabla ya kukwangua, futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na mama mjamzito asiwepo. Tina na mafuta ya taa navyo vikae mbali na jiko la mkaa, madirisha wazi. Chumba kimoja kikishika moto huna pa kukimbilia.

Kama bado hujapiga rangi, una bahati. Patana na fundi mapema kwamba vioo atasafisha yeye, na mshiko wa mwisho ubaki mfukoni mwako mpaka uone dirisha kwa macho. Sugua kipande cha sabuni kavu kwenye kioo kabla hajaanza. Rangi ikirukia hapo inaoshwa na maji tu. Fremu ifunike kwa gazeti na utepe wa karatasi, na utepe ubanduliwe rangi ikiwa bado haijakauka sawasawa. Gazeti si unalo tayari? Malizia tu kwanza kurasa za michezo.