Stesheni ya Kisangani: mahali kwanza, treni baadaye

Kila mara reli ya kutoka Mombasa na Kampala hadi kwetu inapotajwa, watu wa Kisangani huuliza itafika lini. Itasimama wapi, hilo haliulizwi. Na hilo ndilo litakaloamua nani atapanda treni hiyo na nani ataisikia ikipiga honi tu.

Tayari tuna stesheni moja. Iko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Meli zinazopanda kutoka Kinshasa huishia hapa, kwa kuwa mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma. Wabelgiji wakajenga reli ya kilomita 125 ya kuyakwepa, ikafunguliwa mwaka 1906: mzigo unashuka melini, unapanda treni hadi Ubundu, kisha meli nyingine hadi Kindu. Ilikuwa reli ya mzigo. Abiria hakuwa katika hesabu. Leo komine tano kati ya sita za mji ziko ng'ambo ya kulia, daraja juu ya mto Kongo hakuna, na mtu wa Mangobo anayekwenda Ubundu hulipa mtumbwi au kivuko kabla hajaiona treni.

Reli mpya, ikija, itatoka mashariki. Itaingia upande wa kulia, pengine kwa kufuata barabara ya taifa namba 4. Njia zinazojengwa sasa Afrika Mashariki zina upana wa milimita 1,435. Ile ya Lubunga ina mita moja. Hata daraja likijengwa, behewa la huku halitapita kule. Lazima mzigo upakuliwe mahali fulani, na mahali hapo patazaa soko, maghala na kazi za miaka mingi.

Najua wataalamu watapenda Bangoka. Uwanja wa ndege upo, nafasi ipo, fidia ni ndogo. Lakini Bangoka iko kilomita 17 hivi kutoka mjini, na toleka hapeleki gunia la mchele umbali huo kwa bei ya kawaida. Wakenya wanalijua hili. Treni yao ya mwaka 2017 huishia Syokimau, nje ya katikati ya Nairobi, na abiria hushuka na kutafuta treni ndogo au matatu ya kumfikisha mjini. Dar es Salaam walifanya vingine: stesheni mpya, iliyoanza kazi mwaka 2024, imejengwa katikati ya jiji, karibu na ile ya zamani.

Mimi naona abiria ashukie mjini na mzigo upakuliwe karibu na bandari. Kuna watakaosema mto hufurika, na ni kweli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 yaligusa hata Tshopo. Basi ardhi ya juu kidogo itafutwe, ipo. Kivuko cha uhakika cha kwenda Lubunga kiingie katika bajeti hiyohiyo, kisiachwe kuwa ahadi ya awamu ya pili. Awamu ya pili tunaijua.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni jinsi ardhi hiyo itakavyotolewa. Mgogoro wa Wambole na Walengola, ulioanza 2023, ulitokana na ardhi iliyopewa kampuni, upande mmoja ukisema haukuulizwa. Watu waliuawa, vijiji vikachomwa, maelfu wakakimbilia mjini wakilala shuleni na makanisani. Stesheni inahitaji ardhi nyingi: njia, maghala, maegesho ya malori. Mkataba ukitiwa sahihi chumbani Kinshasa na mkuu wa kijiji mmoja akaletewa bahasha, tutakuwa tumechimba kaburi kabla ya msingi. Wanunuzi wa viwanja, hao hawangoji ramani rasmi. Wao hunusa.

Serikali ya jimbo haina haja ya kungoja fedha ndipo ianze. Ichore sehemu mbili au tatu zinazowezekana, iandike kila kipande ni cha nani kwa sheria na kwa mila, na Bunge la jimbo lijadili mbele ya watu. Uuzaji wa viwanja katika sehemu hizo usimamishwe mpaka uamuzi utoke. Na ramani ibandikwe katika kila komine, ikianza na Lubunga, kwa Kiswahili na Kilingala, siyo Kifaransa peke yake.