KELELE ZA BARABARA SI KIPIMO CHA MAENDELEO

Wako miongoni mwetu watumishi ambao, wakimsikia mwalimu akilalamikia kelele za magari, humwona kuwa ni mtu asiye na shukrani. Humjibu: jana mlilia vumbi, leo mmepewa lami mnalia kelele! Jibu hilo ni la kebehi, wala halimfai mtumishi wa wananchi.

Hakuna mkazi wa Simiyu anayeibeza barabara ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi, yenye kilometa 171.8. Inabeba pamba yetu, na imetuunganisha na Shinyanga, Mwanza na Mara. Lakini shukrani hiyo haituzuii kuhoji jinsi barabara zetu kuu zinavyojengwa na kutunzwa mbele ya madarasa.

Tumezoea kumtupia dereva lawama zote: injini mbovu, honi, bomba la moshi lililotoboka. Hayo yapo. Hata hivyo, gari dogo likishazidi mwendo wa kilometa 50 hivi kwa saa, sehemu kubwa ya kelele haitoki tena kwenye injini. Hutoka pale tairi linapokutana na barabara. Tairi hugonga kokoto likatetemeka, na hewa inayobanwa chini yake hufyatuka. Kokoto zikiwa kubwa na zenye kuchomoza, kama katika lami nyepesi ya kokoto nene, mtetemo huzidi. Zikiwa ndogo na zimelala sawasawa, kama katika lami nzito iliyoshindiliwa vizuri, kelele hupungua. Kupunguza desibeli 3 tu ni sawa na kuondoa nusu ya magari barabarani. Nani basi atatuambia kwamba uso wa barabara ni jambo dogo?

Tazameni pia matuta ya rasta. Huwekwa karibu na shule ili kuwalinda watoto, na nia hiyo ni njema. Lakini kila lori la shehena likiyapita hunguruma, na somo husimama. Tumeilinda miguu ya mtoto, tumeyaziba masikio yake.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Hifadhi ya barabara kwa Sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Darasa lenye madirisha wazi, lililojengwa nje kidogo tu ya mpaka huo, lina kinga gani? Tangu 2015 tunazo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo. Kanuni iliyofungiwa kabatini haimnyamazishi hata mwendesha bodaboda.

Hatudai kuiga Uholanzi, ambako hutandazwa lami yenye vitundu vinavyomeza kelele. Vumbi letu lingeviziba upesi. Tunadai yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wahandisi, wanapochagua lami ya kupita mbele ya shule na zahanati, waweke kelele katika hesabu zao pamoja na gharama. Mashimo yazibwe mapema, na viraka visawazishwe. Rasta zisogezwe mbali na madarasa, na mwendo wa kilometa 50 usimamiwe kwa dhati. Maofisa elimu nao waache kuidhinisha madarasa mapya yanayotazamana na barabara kuu.

Mtoto asiyemsikia mwalimu wake hajapata elimu, hata kama lami inapita mlangoni pa shule yake.