Wati Si Kipimo cha Sauti ya Besi

Miongoni mwa imani zinazotawala ununuzi wa vyombo vya muziki katika Afrika Mashariki, hakuna iliyokita mizizi kama ile isemayo kwamba ukubwa wa sauti ya gitaa la besi hupimwa kwa idadi ya wati zilizoandikwa kwenye amplifaya, yaani mashine inayokuza umeme dhaifu utokao kwenye gitaa hadi upate nguvu ya kusukuma spika. Kamati ya kwaya iliyochangisha fedha, kiongozi wa bendi ya dansi na mkodishaji wa muziki wa harusi wote huingia katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, wakiwa na swali moja, nalo ni wati ngapi. Na muuzaji, anayejua fika kwamba namba kubwa haidai maelezo, huwajibu kwa namba kubwa. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni baya, kwamba jibu lake halimwambii mnunuzi jambo analotaka kulijua, na kwamba fedha zinazokimbilia wati huku zikilipuuza sanduku la spika ni fedha zilizotupwa.

Ubaya wa kwanza umo katika namba yenyewe. Wati ni kipimo cha nguvu, yaani kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde, lakini wati za amplifaya huandikwa kwa njia zaidi ya moja. Iko nguvu ya RMS, ambayo kwa lugha ya biashara hii ni wastani wa nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuikwaruza sauti. Na iko nguvu ya PMPO, inayodaiwa kuwa kilele cha muda wa kufumba na kufumbua, ambayo hukokotolewa bila kanuni moja inayowabana watengenezaji wote. Mnunuzi anayetaka kujua thamani ya namba ya pili hana haja ya maabara. Plagi ya miguu mitatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, na kwa umeme wa volti 240 fyuzi hiyo haikusudiwi kupitisha mfululizo zaidi ya wati 3,120. Mashine yenye plagi hiyo moja inayojitangaza kuwa na wati 10,000 inadai kutoa nguvu ambayo waya wake wa umeme hauwezi kuiingiza, na ajabu si kwamba watengenezaji huiandika namba hiyo, bali ni kwamba wanunuzi huendelea kuilipia.

Hata hivyo, lawama haiishii kwa wauzaji, kwa sababu namba ya kweli nayo hupotosha ikisomwa vibaya. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho hakipandi sambamba na wati: nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kushtuka, na ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa takriban maradufu, zinahitajika desibeli 10, ambazo hudai nguvu mara kumi. Kwa hiyo bendi inayouza amplifaya yake ya wati 300 ili inunue ya wati 600, huku ikibaki na masanduku yale yale, hununua tofauti ambayo haitawashtua wasikilizaji wengi.

Kinachopuuzwa zaidi ni spika, ambayo ndiyo inayougeuza umeme kuwa sauti. Spika nyingi za jukwaani hugeuza asilimia chache tu ya umeme ziupokeao kuwa sauti, na sehemu kubwa iliyobaki huishia kuwa joto. Ndiyo maana mtengenezaji makini hutaja wepesi wa spika, yaani desibeli zinazosikika umbali wa mita 1 spika inapopewa wati 1. Spika yenye wepesi wa desibeli 99 ikipewa wati 200 hutoa, kwa hesabu, desibeli 122. Spika yenye wepesi wa desibeli 93 hudai wati 800 ili kufikia pale pale. Tofauti hiyo ya desibeli 6, inayochukua mstari mmoja mdogo katika karatasi ya maelezo, ina uzito sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara nne, lakini ni wanunuzi wachache wanaoiuliza.

Historia ya chombo chenyewe inathibitisha jambo hilo. Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, alipoanza kuuza gitaa la besi la Precision mwaka 1951, tatizo lililofuata lilikuwa spika, kwa kuwa noti nzito zilizichosha spika zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida. Kampuni ya Ampeg ilipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969, ikiwa na wati 300 za valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza umeme, haikuiacha ifanye kazi peke yake. Iliiunganisha na masanduku mawili, kila moja likiwa na spika nane za inchi 10. Sifa uliyoipata mtambo huo katika kumbi kubwa ilitokana na koni 16, yaani sehemu za spika zinazosukuma hewa, zilizofanya kazi kwa pamoja. Leo vichwa vya amplifaya vya daraja la D, yaani vile vinavyowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa ili visipoteze nguvu kwa joto, hutoa wati 800 vikiwa na uzito wa kilo chache tu, na mpigaji anayekiweka kimoja juu ya sanduku dogo lenye spika moja hushangaa kwamba hapati kile ambacho wati 300 zilitoa zamani. Hapana la kushangaza: amenunua wati, hakununua koni.

Sababu ya kimaumbile ni kwamba noti nzito hutokana na kusogezwa kwa hewa nyingi. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na ili spika itoe noti kwa ukubwa ule ule ikishuka oktavu moja, yaani ikishuka hadi nusu ya mitetemo, koni yake lazima isogee mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ina kikomo cha kusogea, na ikikifikia, wati zinazoongezwa haziwi sauti bali huwa mkwaruzo na hatimaye uharibifu. Sanduku nalo lina sheria yake, inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya KLH ya Marekani: udogo wa sanduku, uzito wa besi na wepesi wa spika haviwezi kupatikana vyote vitatu kwa pamoja, na anayechagua viwili hulipa kwa cha tatu. Tangazo linaloahidi vyote vitatu kwa kigezo cha wati linaahidi kisichowezekana.

Joto huukamilisha ushahidi huo. Ndani ya spika mna koili, yaani waya uliozungushwa ambao husukumwa na sumaku, na waya huo ukiwa wa shaba, joto lake likipanda kwa takriban nyuzi 250 za Selsiasi, ukinzani wake dhidi ya umeme hukaribia maradufu. Ukinzani ukiwa maradufu, amplifaya huweza kuisukumia spika nusu tu ya nguvu ya awali, na hivyo mpigaji aliyeongeza wati mara mbili ili ashindane na ngoma hurudi alikoanzia kabla onyesho halijaisha.

Zaidi ya hayo, njaa ya wati mara nyingi huletwa na mpigaji mwenyewe. Akizungusha kitufe cha besi hadi kikaongeza desibeli 10 katika noti nzito, ameidai amplifaya nguvu mara kumi kwa noti hizo, wakati sikio la binadamu, kama watafiti Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933, ni zito kusikia sauti za chini kuliko sauti za kati. Kinachomwezesha msikilizaji kuitambua noti ya besi kati ya magitaa na ngoma ni mitetemo ya juu inayoambatana nayo, na hata mtetemo wa msingi ukipungua, ubongo huikamilisha noti. Katika rumba na dansi, ambako besi huzungumza kwa noti zilizotenganishwa na nafasi za kimya, kuongeza uzito kupita kiasi huzijaza nafasi hizo kwa mvumo, na kinachopotea ndicho hasa kilichowafanya watu wainuke kucheza.

Ukumbi nao haushindwi kwa wati. Wimbi la noti ya mitetemo 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na likigonga kuta za ukumbi hurudi na kukutana na jingine, hivi kwamba mahali fulani besi huzidi na mahali pengine hufifia karibu kupotea. Kuongeza nguvu hupandisha pote kwa pamoja: aliyekosa besi huendelea kupungukiwa, na aliyezidiwa hulemewa zaidi. Kulihamisha sanduku hatua chache hubadili mengi kuliko amplifaya mpya, na hakugharimu chochote. Wanaoendelea kupandisha sauti wakumbuke pia kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza desibeli 100 ziwe kikomo cha wastani wa sauti katika kumbi za starehe, kwa sababu sikio lililoharibika halitengenezwi.

Watetezi wa wati wana hoja moja ya haki, nayo ni akiba. Kidole kinapovuta uzi, mwanzo wa noti huwa na kilele kinachozidi wastani kwa mbali, na amplifaya isiyo na akiba hukikata kilele hicho, sauti ikakwaruza na spika ikaingia hatarini. Lakini hoja hiyo inatetea nguvu ya kutosha, haitetei namba isiyo na mwisho. Na nguvu inayotosha haiwezi kujulikana kabla ya spika kujulikana.

Mpangilio wa matumizi unapaswa kugeuzwa. Fedha zianze na sanduku na spika, na mnunuzi aulize wepesi wa spika hizo na noti ya chini kabisa zinayoweza kuitoa. Kisha ifuate amplifaya yenye nguvu ya RMS inayolingana na uwezo wa spika hizo. Mwenye sanduku moja la omu 8, yaani kipimo cha ukinzani, na amplifaya inayoruhusu omu 4, akinunua sanduku la pili linalofanana na la kwanza na kuyaweka karibu karibu, anaweza kupata hadi desibeli 6 katika noti nzito, kwa kuwa amplifaya hutoa nguvu zaidi na koni huongezeka maradufu. La tatu asiliunganishe, kwa sababu ukinzani utashuka chini ya kiwango na mashine inaweza kuungua. Wasimamizi wa kwaya na bendi, ambao fedha wanazotumia ni za michango ya watu, wanawajibika kukataa kifaa kisichotaja nguvu ya RMS na wepesi wa spika, na kudai kifaa kijaribiwe kwa gitaa la besi lenyewe kabla ya malipo. Siku wanunuzi watakapoacha kuuliza wati ngapi, wauzaji watalazimika kuacha kuzitunga.